Juu ya Neno "stiff-necked": Silabi Zake na Matamko Yake

Katika sura ya 32 ya kitabu cha Kutoka, msomaji wa Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 hukutana na maneno mawili yaliyo mbali kwa maana lakini karibu kwa sauti. La kwanza ni "stiffnecked", katika mstari wa 9, Bwana anapomweleza Musa hali ya watu waliojifanyia ndama. La pili ni "naked", katika mstari wa 25, Musa anapowatazama watu hao hao baada ya kushuka mlimani. Neno la kwanza maana yake ni wenye shingo ngumu. La pili maana yake ni uchi. Nusu ya mwisho ya neno lile la kwanza, yaani "necked", ina silabi moja tu. Neno la pili lina silabi mbili. Basi msomaji aliyelelewa katika lugha yetu, ambayo silabi zake hupenda kwisha kwa irabu, aweza kwa urahisi kulitamka lile la kwanza "stif-neked", na masikio ya wanaosikiliza yakapokea habari ya uchi mahali ambapo Maandiko yasema habari ya ukaidi. Akifika mstari wa 25 hana tena sauti ya kuyatenga maneno hayo mawili.

Jambo hili si dogo. Makanisa mengi ya mijini katika Afrika ya Mashariki yana ibada ya Kiingereza pamoja na ile ya Kiswahili, na masomo ya siku husomwa humo na waalimu, makatekista na wachungaji ambao Kiingereza si lugha ya mama zao. Asomaye kwa sauti mbele ya watu amekuwa kinywa cha kusanyiko zima, wala msikilizaji asiye na kitabu mkononi hana Maandiko mengine ila yale yanayotoka katika kinywa hicho. Tena msomaji huyo mara nyingi ndiye mwalimu wa shule: analokosea Jumapili, watoto hulichukua Jumatatu. Kwa hiyo nataka kulieleza neno hili moja kwa ukamilifu, jinsi lilivyoungwa, hesabu ya silabi zake, na mahali pa mkazo wake. Atakayelielewa hili ataweza kuyatamka mengine mengi ya jamii yake bila kufungua kamusi kila mara.

I. Asili ya Neno

Neno hili halikutoka katika mazungumzo ya watu wa sokoni. Lililetwa na watafsiri wa Maandiko. Katika Kiebrania watu wasiotaka kutii huitwa "qesheh oref", yaani wagumu wa "oref", na "oref" ni sehemu ya nyuma ya shingo, ambayo sisi twaiita ukosi au kisogo. Neno hilo hilo limetumika katika Yeremia 2:27, ambapo watu washitakiwa kwamba wamemgeuzia Mungu "oref" yao wala si nyuso zao. Na kila ajuaye maana ya kumpa mtu kisogo ataielewa lawama hiyo bila kufundishwa. Mfano wa shingo ngumu, kwa desturi, huelezwa kuwa umetoka kwa ng'ombe wa kulimia akazaye shingo yake ili asitiwe nira.

Watafsiri wa Kiyunani waliunga neno moja, "sklerotrachelos", sehemu ya kwanza kwa ugumu na ya pili kwa shingo. Nalo ndilo lililomo katika hotuba ya Stefano, Matendo 7:51. Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata ilitumia maneno mawili, "dura cervice". Wafuasi wa Wycliffe, waliotafsiri kutoka Kilatini katika karne ya 14, waliyaacha vilevile kuwa mawili. Ndipo William Tyndale, katika Agano Jipya lake lililopigwa chapa mjini Worms mwaka 1526, akachukua "stiff", yaani -gumu isiyopindika, na "neck", yaani shingo, akayaunga, akaongeza "-ed" mwishoni. Watafsiri wa mwaka 1611 walilipokea, wakalitumia katika Agano la Kale na Jipya. Katika Biblia hiyo huandikwa bila kistari. Katika kamusi za leo huandikwa mara nyingi kwa kistari. Kistari hicho hakibadili matamko hata kidogo.

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iitwayo Union Version, husema "wenye shingo ngumu". Tuhesabu: we-nye shi-ngo ngu-mu, silabi sita. Kiingereza huyasema hayo yote kwa silabi mbili. Hapo ndipo taabu yetu ilipo.

II. Sehemu Tatu za Maana, Silabi Mbili za Kinywa

Anayetaka kulitamka neno hili sawasawa yampasa kwanza atenganishe mambo mawili ambayo katika lugha yetu huenda pamoja mara nyingi, yaani sehemu za maana na silabi. Katika Kiswahili kiambishi huwa na silabi yake karibu kila mara: wa-li-ku-ja, wa-ta-m-pe-nda. Mwanafunzi huzoea kuona kwamba kila kipande chenye maana chapigwa pigo lake kinywani. Katika Kiingereza sivyo. Neno "stiff-necked" lina sehemu tatu za maana: "stiff", "neck", na "-ed". Lakini silabi ni mbili tu: "stiff" na "necked". Sehemu ya tatu haina irabu inayosikika; imebaki konsonanti moja iliyoegemea "neck". Macho yaona herufi mbili, e na d. Masikio yasikia sauti moja tu, nayo ni t. Kwa herufi zetu twaweza kuliandika neno lote hivi: stif-nekt.

Hapo pana neno la kuangaliwa sana na wanaofundisha sarufi. Wanafunzi hufundishwa mapema kwamba "-ed" ni alama ya jambo lililopita au la mtu aliyetendwa jambo. Kwa hiyo wakikutana na neno hili hulifasiri "waliokazwa shingo", kana kwamba yuko aliyewakaza. Hiyo siyo maana yake. Hapa "-ed" haikutoka katika kitenzi, bali imeongezwa juu ya jina, na kazi yake ni ile ile ya neno letu -enye. Maneno "long-haired" maana yake ni mwenye nywele ndefu, wala hakuna mtu aliyemrefusha nywele; "one-eyed" ni mwenye jicho moja, yaani chongo. Hali kadhalika "stiff-necked" ni mwenye shingo ngumu. Kwanza "stiff" na "neck" zimeungana kuwa shingo ngumu. Kisha "-ed" imekuja juu ya zote mbili kuwa -enye.

Mhubiri ataona kwamba tofauti hii yagusa mafundisho yenyewe. Neno "waliokazwa shingo" laanza mara moja kuuliza ni nani aliyewakaza, na msikilizaji aweza kumtupia Mungu lawama. Neno "wenye shingo ngumu" halisemi hivyo. Lawataja watu kwa hali yao. Na mahali ambapo Maandiko yataka kutaja tendo, kama katika 2 Wafalme 17:14 na Yeremia 7:26, ni watu wenyewe wanaozifanya ngumu shingo zao. Basi sarufi iliyofasiriwa vibaya yaweza kuzaa hubiri baya.

III. Jinsi Irabu Ilivyopotea

Mtu ataniuliza: kama irabu haitamkwi, mbona imeandikwa? Jibu ni kwamba zamani ilitamkwa. Katika Kiingereza cha kale kiambishi hiki kilikuwa silabi kamili. Polepole irabu yake ilidhoofika, na katika siku za Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1564 na kufa mwaka 1616, matamko yote mawili yalikuwapo, na washairi walichagua lile lililotimiza mizani ya ubeti. Mwaka 1712 Jonathan Swift aliandika waraka wa kuisafisha lugha ya Kiingereza, akalalamika kwamba waandishi wa siku zake waiondoa irabu hiyo na kuzigonganisha konsonanti. Malalamiko yake hayakuzuia neno. Irabu ilikwisha kwenda, na maandishi yakabaki nyuma kama nguo ya mtu aliyekonda.

Ushahidi ulio mzuri kuliko wote umo katika Biblia yenyewe ya mwaka 1611. Katika Walawi 21:20, wanapotajwa makuhani wenye vilema, liko neno la mtu mwenye kibyongo, nalo limeandikwa "crookbackt", kwa t mwishoni, wala si kwa "-ed". Neno hilo limeungwa kwa namna ile ile ya "stiffnecked": sifa, kisha jina la kiungo cha mwili, kisha kiambishi cha -enye. Tena jina hilo la kiungo laishia kwa sauti ya k, kama "neck". Ni kana kwamba waandishi wale wametuachia ufunguo wa matamko: kama "backt", ndivyo na "neckt". Mwalimu mwenye kubishana na mwenzake juu ya jambo hili amwonyeshe mstari huo.

IV. Kanuni ya Maneno ya Jamii Hii

Sauti ya "-ed" katika maneno yaliyoungwa hivi hutegemea sauti iliyo mwisho wa jina lenyewe. Kanuni ni tatu.

Kwanza, jina likiisha kwa sauti ya t au d, kiambishi hubaki silabi kamili, kwa sababu kinywa hakiwezi kutamka t au d mbili kwa pamoja zikasikika mbali mbali. Husikika kama "id", kwa i fupi. Ndivyo lilivyo "brokenhearted" la Luka 4:18, lenye silabi nne, bro-ken-heart-ed. Na "fainthearted" la Kumbukumbu la Torati 20:8, lenye silabi tatu. Na "double minded" la Yakobo 1:8, lenye silabi nne. Na "lefthanded", litajwalo juu ya Ehudi katika Waamuzi 3:15, lenye silabi tatu.

Pili, jina likiisha kwa sauti isiyotetemesha koo, nazo ni p, k, f, s, sh, ch, na th kama ya neno thamani, kiambishi huwa t tupu, wala hakiongezi silabi. Humo limo "stiff-necked", na "thick-lipped", mwenye midomo minene, na "two-faced", yaani mnafiki, mwenye nyuso mbili. Tukiangalia hili la mwisho twaona kwamba "face" lina silabi moja, na "faced" nalo lina moja.

Tatu, jina likiisha kwa irabu au kwa konsonanti nyingine yo yote itetemeshayo koo, kiambishi huwa d tupu, wala hakiongezi silabi. Humo limo "twoedged", lisemwalo juu ya upanga katika Waebrania 4:12, ambalo lina silabi mbili tu, si tatu. Na "tender eyed", lisemwalo juu ya Lea katika Mwanzo 29:17, lenye silabi tatu, ten-der-eyed.

Asiyejua kama sauti yatetemesha koo au sivyo, aweke vidole juu ya koo lake, aseme zzz kisha sss. Atausikia mtetemo katika sauti ya kwanza, asiusikie katika ya pili.

V. Maneno Yasiyofuata Kanuni

Mwanafunzi aliyekwisha kuijua kanuni huingia katika hatari nyingine, ya kuitumia mahali pasipo pake. Yako maneno machache ya sifa ambayo yamehifadhi silabi ya kale ijapokuwa sauti iliyotangulia si t wala d. La kwanza ni "naked" lenyewe, tulilolitaja mwanzoni: nei-kid, silabi mbili. Vivyo hivyo "wicked", yaani mwovu: wik-id. Haya mawili yanafanana kwa macho na maneno yenye -enye, lakini sivyo yalivyo, kwa kuwa hakuna jina "nake" la kuungwa nalo, wala mwovu si mtu mwenye utambi, ambao kwa Kiingereza ni "wick". Yako pia "crooked", lililopotoka. "Ragged", lenye matambara. Na "wretched", maskini wa kuhurumiwa. Yote husemwa kwa silabi mbili.

Mengine hubadilika kwa kadiri ya kazi yake. Neno "blessed" likiwa kitenzi, "alibariki" au "amebarikiwa", mazungumzo ya kawaida hulipa silabi moja, "blest". Likiwa sifa, kama katika kuwataja walio heri, husomwa "bles-id". Neno "beloved", mpendwa, likisimama peke yake huwa na silabi tatu, "bi-lav-id". Neno "learned", likiwa sifa ya mtu mwenye elimu, lina silabi mbili. Likiwa kitenzi, alijifunza, lina moja. Na neno "aged", mzee wa siku nyingi, lina silabi mbili, "ei-jid". Lakini likiungwa na lingine, kama katika "middle-aged", mtu wa makamo, laifuata kanuni ya tatu, nayo silabi yarudi kuwa moja. Twaona hapo nguvu ya kanuni yetu: hata neno lililohifadhi ukale wake likisimama peke yake, likiingia katika jamii ya maneno yaliyoungwa huvaa desturi ya jamii hiyo.

Basi sasa turudi katika sura ya 32 ya Kutoka. Maneno "necked" na "naked" yametengana kwa alama tatu. Irabu ya kwanza katika "necked" ni e fupi, kama ya leta. Katika "naked" ni e itelezayo kwenye i, kama ya bei, lakini kwa pigo moja. Hesabu ya silabi ni moja kwa lile na mbili kwa hili. Mwisho wa lile ni t, wa hili ni d. Msomaji akizishika alama hizi tatu hawezi kuwapoteza wasikilizaji. Akizipoteza zote, amewavua nguo Waisraeli mistari kumi na sita kabla ya wakati wake. Yafaa kuongeza kwamba katika mstari huo wa 25 Kiebrania chasema hasa juu ya watu walioachiliwa bila kuzuiwa, na Biblia ya Kiingereza iliyosahihishwa, ambayo Agano lake la Kale lilitolewa mwaka 1885, iliacha neno "naked" hapo. Lakini mwenye kusoma katika tafsiri ya mwaka 1611 bado analo mbele yake, naye yampasa alisome kama lilivyo.

VI. Kuzoeza Kinywa

Si aibu kwa kinywa cha Mswahili kutafuta irabu mwishoni mwa neno. Ndiyo desturi ya lugha yetu tangu zamani. Waarabu walipotuletea neno lao "waqt", lenye konsonanti mbili mwishoni bila irabu, wazee wetu hawakulikubali hivyo. Walitia irabu mbili, likawa wakati. Mwalimu asemaye "neketi" anafanya lile lile walilofanya wazee. Wao walikuwa wakilifanya neno kuwa letu. Yeye anasoma neno la wengine kama lilivyo lao. Hiyo ndiyo tofauti.

Lakini Mswahili asidhani kwamba sauti hizi ni ngeni kabisa kwake. Lugha yetu imekwisha kupokea maneno ambayo konsonanti mbili zakutana bila irabu katikati: daktari, maktaba, tafsiri. Humo mna yote tunayoyahitaji. Namna ya kufundisha ni hii.

Mwalimu achukue kwanza neno staftahi, chakula cha asubuhi. Wanafunzi walitamke polepole, staf-ta-hi, kisha wakomee katika staf, wakiacha meno ya juu juu ya mdomo wa chini, pumzi ikitoka bila sauti ya u wala ya i. Kisha wabadili irabu tu: staf, stif. Irabu hii ya "stiff" ni fupi, wala si i kali ya neno tia. Ulimi umelegea kidogo, umekaribia e.

Halafu achukue neno nukta. Walitamke nuk-ta, kisha waiondoe a ya mwisho, ibaki nukt. Mwanzoni wengine watasema nukti au nuktu; na warudie mpaka irabu iishe. Kisha wabadili irabu: nukt, nekt. Sasa waunge: stif, nekt, stif-nekt. Mwalimu aweke kiganja chini ya kidevu chake, nao wafanye hivyo. Kidevu kitashuka mara mbili, kwa "stiff" mara moja na kwa "necked" mara moja. Kikishuka mara ya tatu, pana irabu ya siri iliyoingia, nayo yatakiwa kutolewa.

Jambo la mwisho katika zoezi hili ni ile t inapokutana na neno lifuatalo. Katika Matendo 7:51 neno lifuatalo laanza kwa irabu, "and", na t yavutwa kwenda huko: stif-nek-tand. Hapo kazi ni nyepesi. Katika Kutoka 32:9 neno lifuatalo ni "people", lianzalo kwa p. Hapo ulimi wagusa mahali pa t, wazuia pumzi, na midomo yafungua kwa p bila t kupasuka kwa nguvu. Asiyeweza bado, na aisikilizishe t kidogo. Ni afadhali t nzito kuliko irabu isiyokuwapo.

VII. Mahali pa Mkazo

Katika Kiswahili mkazo hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa sababu hiyo kosa la silabi huzaa kosa la mkazo. Mtu akisema stifunekedi, mkazo wake, kwa sheria ya lugha yetu, utaangukia ke. Yaani atakaza kwa nguvu zake zote silabi ambayo katika Kiingereza haipo kabisa. Mwingereza asikiaye hivyo hutafuta neno lenye mkazo huo katika akili yake, asilione. Ndiyo maana kosa hili huficha maana kuliko makosa mengine mengi ya matamko.

Katika neno lenyewe silabi zote mbili zina uzito, lakini moja yazidi. Neno likisimama peke yake au likiishia sentensi, uzito mkubwa uko juu ya "necked". Mfano ni Kumbukumbu la Torati 10:16, ambapo neno ni la mwisho katika agizo. Lakini likitangulia jina linaloanza kwa silabi yenye mkazo, kama "people" katika Kutoka 32:9, uzito warudi nyuma juu ya "stiff", kwa sababu Kiingereza hakipendi mapigo mawili makubwa yafuatane bila nafasi kati yake. Ndivyo ilivyo pia katika hesabu: "thirteen", kumi na tatu, likisemwa peke yake mkazo wake uko mwishoni, likitangulia "men" mkazo warudi mwanzoni.

Mwanafunzi asishangae kwamba mkazo waweza kuhama. Nasi tunasema nyumba kwa kukaza nyu, na nyumbani kwa kukaza mba. Kwetu mkazo huhamishwa na silabi iliyoongezwa. Kwao, katika maneno haya, huhamishwa na jirani aliyefuata.

VIII. Kulikata Neno Mwishoni mwa Mstari

Yamebaki maneno machache kwa wale wapigao chapa, na kwa waalimu waandikao ubaoni. Kiswahili hukatwa baada ya irabu. Desturi hiyo ikichukuliwa katika Kiingereza huleta vioja: "sti-ffnecked", au "stiffne-cked". Neno hili lina mahali pamoja tu pa kukatwa, kati ya "stiff" na "necked". Likiwa na kistari, likatwe hapo hapo kwenye kistari. Likiandikwa bila kistari, litiwe kistari mahali hapo. Yako maneno ya Kiingereza yenye konsonanti mbili za namna moja ambayo hukatwa kati ya hizo mbili, kama "let-ter". Lakini f mbili za "stiff" ni za neno moja lililokwisha kamilika kabla halijaungwa, nazo hazitengwi. Na "neck-ed" ni kosa, kwa kuwa silabi moja haikatwi. Ni kosa lenye madhara, kwa maana msomaji aonaye "ed" imesimama peke yake mwanzoni mwa mstari ataipa silabi, na kazi yote ya mwalimu itakuwa imebomolewa na mpiga chapa. Kinyume chake "broken-heart-ed" laweza kukatwa kabla ya "ed", kwa sababu hapo silabi ipo kweli, ijapokuwa ni vizuri zaidi kulikata kabla ya "heart".

Mwenye zamu ya kusoma na aifungue sura yake siku moja kabla, ayatafute maneno yote yaishiayo kwa "-ed", akaitazame sauti iliyotangulia katika kila moja, na kuyasoma kwa sauti chumbani mwake kiganja kikiwa chini ya kidevu. Kazi hiyo haizidi robo saa. Na kama mwenzake amsahihisha, hata akiwa mdogo wake kwa cheo au kwa umri, na akubali kusahihishwa. Maana litakuwa jambo la ajabu mtu kujifunza kulitamka neno hili vizuri huku yeye mwenyewe akistahili kuitwa kwalo.